Kompyuta ya mezani ikinuka kuungua: pa kuanzia

Usitafute harufu inatoka wapi mashine ikiwa imewashwa. Zima, kisha chomoa waya ukutani, kwa sababu hata baada ya kubonyeza kitufe cha kuzima, pawasaplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawia mashine umeme) hubaki na umeme ndani maadamu waya umechomekwa. Ukiona moshi, kata umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Maji yasikaribie.

Hatua ya pili ni pua. Nusa nyuma, hewa ya pawasaplai inapotokea, halafu fungua ubavu unuse karibu na prosesa (chipu kuu ya kompyuta). Vumbi lililopata joto hunuka kama jiko lililokaa muda mrefu bila kuwashwa. Plastiki inayoungua huchoma pua: hapo shuku waya au plagi. Harufu kali inayokaribia ya samaki mara nyingi ni kapasita inayovuja, yaani kimojawapo cha vikopo vidogo vinavyoshika umeme.

Hapa Goma vumbi ni la kutiliwa maanani. Lava ya Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya mji, na mawe yake meusi husagwa na magari na pikipiki kila siku. Unga wake mgumu huingia hadi ndani ya feni. Tena mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni iliyoziba huelemewa mapema. Safishia nje ya nyumba, kwa brashi laini na kavu. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti unapopuliza kwa pampu, yasizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia.

Sasa tazama kapasita kwenye ubao mkuu. Kichwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa ute wa kahawia, imekufa. Mashine nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilipewa kapasita mbovu, basi ukiwa na ya umri huo anza hapo. Angalia pia plagi kubwa ya pini 24: pini iliyobadilika rangi ilikuwa imelegea ikapata joto.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Nawaomba sana. Umeme wa volti 220 hugeuzwa humo kuwa zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa huweza kuushika hata waya ukiwa umechomolewa. Ikinuka, nunua nyingine. Kama ina swichi ndogo nyekundu, iwe kwenye 230. Ukiiacha kwenye 115, itaungua papo hapo.

Maswali

Mama wa sekretariati (duka la kuchapa na fotokopi), Birere: Harufu huja umeme ukikatika na kurudi. Ni stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme?

Mama, inawezekana. Inuse peke yake, kompyuta ikiwa imechomolewa. Angalia pia ralonji (waya wa kurefushia umeme): mashine ya fotokopi ivute umeme ukutani moja kwa moja, isichangie ralonji na kompyuta. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie.

Mwanafunzi, Himbi: Yaya, mashine imekufa na TFC yangu (kazi ya kumalizia masomo) iko ndani!

Tulia, diski mara nyingi husalimika. Usiijaribu tena kwa pawasaplai ile. Itoe, tazama kama plagi yake haijaungua, kisha iunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani huhitaji adapta yenye umeme wake wa volti 12. Ile ya laptopu haitaizungusha. Nakili TFC sehemu mbili kabla ya fundi kugusa chochote.

Mzee, Katindo: Nimesafisha, harufu imebaki kidogo. Niendelee kuitumia?

Mzee wetu, iwashe ukiwa umekaa karibu nayo, bila kazi muhimu ndani. Mabaki ya vumbi hupungua ndani ya saa moja hivi. Harufu ikizidi, au ikipotea kisha ikarudi, chomoa na ubadilishe pawasaplai. Hadi hapo isilale ikiwaka.