Namna ya kuandika historia ya maonyesho ya muziki ya wanafunzi kwenye chuo kidogo

Ukikabidhiwa kazi ya kuandika historia ya maonyesho ya muziki ya chuo chenu, utatamani kuanza kwa kuwapigia simu wahitimu wa zamani. Ngoja kwanza. Mimi nimepiga piano kwenye mazoezi ya wanafunzi wa chuo kidogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kisha nikapewa kazi ya kupanga nyaraka za ukumbi wetu, na jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: mtu akishika karatasi ya onyesho lake mkononi hukumbuka mengi, na akiulizwa hivi hivi tu hukumbuka yale ambayo amekwisha kuyasimulia mara mia. Kwa hiyo tengeneza kwanza orodha ya maonyesho kutokana na maandishi. Watu utawafuata baadaye.

Chuo kidogo kina sababu yake ya ziada. Wanafunzi hukaa miaka mitatu au minne, kisha wanaondoka wote, na wanaobaki ni walimu wachache, mkutubi, mtunza ukumbi na mpiga piano. Desturi iliyoanzishwa na kundi moja huonekana ya kale kabisa kwa kundi la tatu. Nimeshaambiwa kwa moyo mmoja kwamba wimbo fulani huimbwa nyuma ya pazia "tangu chuo kianze", na programu zilizochapishwa zikaonyesha uliingia miaka michache tu kabla ya msemaji kusajiliwa. Hakudanganya. Aliukuta ukiimbwa, na hakuna aliyekuwapo kumweleza zaidi.

Karatasi ziko wapi

Idara ya muziki ni mahali pazuri pa kuanzia, ila usiishie hapo. Nenda ofisi ya mhasibu. Daftari la mahesabu la zamani ni shahidi mkimya na mwaminifu: kukodi viti, kuchapisha tiketi, kitambaa cha mavazi, mafuta ya taa za jukwaa kama chuo ni cha zamani kiasi hicho. Stakabadhi ninazozipenda kuliko zote ni za fundi wa kutuni piano, yaani kurekebisha sauti za nyuzi zake, kwa sababu piano ya ukumbini hutuniwa siku chache kabla ya jambo kubwa. Ukizipanga stakabadhi hizo kwa tarehe, unapata majira ya maonyesho hata kwa miaka ambayo hakuna programu iliyosalia. Zaidi ya hayo, bango huonyesha nia tu. Onyesho linaweza kutangazwa na lisifanyike. Malipo ya mlinzi wa mlangoni usiku ule, au mapato ya tiketi yaliyoingizwa kesho yake asubuhi, ndiyo yanayoonyesha kwamba pazia lilifunguliwa kweli.

Ukitaka kuona thamani ya karatasi za aina hii, tazama Fisk, shule iliyofunguliwa Nashville, Marekani, mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Ilipokaribia kufungwa kwa kukosa fedha, mweka hazina wake, George L. White, ambaye pia alifundisha kuimba, aliondoka na wanafunzi tisa tarehe 6 Oktoba 1871 kwenda kuimba na kuchangisha. Hao ndio Fisk Jubilee Singers. Fedha zao zilijenga jengo la shule liitwalo Jubilee Hall, lililokamilika mwaka 1876. Mpiga piano wao, Ella Sheppard, aliandika shajara safarini, na ndiyo iliyowapa watafiti habari ambazo magazeti hayakuzijali: uchovu, mafua, nani hakuweza kuimba usiku upi. Mweka hazina na mpiga piano. Anza na hao wawili kwenye chuo chenu pia.

Halafu fungua kabati la nota, na usitazame majalada tu. Chukua karatasi ya alto iliyochakaa kuliko zote uipitie ukurasa kwa ukurasa. Utakuta penseli: "pumua hapa", "usikimbie", mistari minane imekatwa kwa alama ya msalaba kwa sababu hapakuwa na tenori wa kuifikia noti ya juu. Pembeni kuna jina la mwimbaji wa solo limefutwa na jingine limeandikwa juu yake. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini kabisa, wapiga ala na waimbaji wana tabia nzuri ya kuandika tarehe walizotumbuiza, wakati mwingine za miaka tofauti kwa miandiko tofauti. Ukurasa huo mmoja unaweza kukupa maonyesho ambayo hayamo popote pengine.

Zile sehemu zilizokatwa usizipuuze. Chuo chenye wanafunzi wachache huchagua kazi kwa kuhesabu sauti zilizopo. Ukiona miaka kadhaa mfululizo ya kazi za sauti za kike peke yake, au bendi isiyo na besi, fungua rejista ya udahili ya miaka hiyo. Mara nyingi jibu liko huko, na hapo historia yako inakuwa historia ya chuo chenyewe.

Programu isiyo na mwaka

Hili litakusumbua kuliko yote. Watu huchapisha siku na mwezi, mwaka wanauacha, maana usiku ule kila mtu aliujua. Tumia siku ya juma. Tuseme programu inasema Ijumaa, 14 Machi, na unajua kwa sura yake kwamba ni ya kati ya 1970 na 1990. Katika kipindi hicho tarehe 14 Machi iliangukia Ijumaa mwaka 1975, 1980 na 1986 tu. Miaka ishirini imekuwa mitatu. Sasa jina la mkuu wa chuo lililo kwenye ukurasa wa shukrani, au jina la mwanafunzi mmoja likitazamwa kwenye orodha ya wahitimu, litamaliza kazi.

Karatasi yenyewe nayo inasema. Maandishi ya zambarau yaliyofifia ni ya mashine ya kunakili kwa spiriti. Wino huo huliwa na mwanga, kwa hiyo programu za zambarau ziskani kabla ya zote nyingine na usiziache mezani karibu na dirisha. Saiklostaili, yaani nakala za stensili, huwa na herufi zilizovimba kidogo kwenye karatasi laini inayonywa wino. Fotokopi ya karatasi ya kawaida haiwezi kutangulia mwaka 1959, Xerox ilipoleta mashine yake ya kwanza ya kiofisi ya aina hiyo.

Kwa kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi, 600 kwa picha. Ondoa vibanio vya chuma kwani hushika kutu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Ukurasa wa nyuma wenye matangazo na shukrani uskani pia. Wengi huuacha, na humo ndimo yalimo majina ya aliyeshona mavazi na aliyeazima ngoma.

Kanda

Kabla ya kuchezesha kaseti yoyote, vunja vile vijisehemu viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa juu, kama bado vipo. Vikivunjwa, mashine haiwezi kurekodi juu ya kilichopo. Fanya hivyo hata kama una uhakika na mkono wako, kwa sababu kesho mashine itakuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kaseti zilitoka Philips mwaka 1963, na mtindo wake umeacha alama kwenye kila onyesho lililorekodiwa kwayo. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, ya dakika 60 ina 30. Rekodi itakatika katikati ya wimbo, pawe kimya, kisha uendelee wimbo ulio mbele zaidi. Usidhani palikatwa kwa makusudi. Andika tu: "kaseti iligeuzwa hapa", na ulinganishe na programu ujue kilichopotea.

Rili, yaani mikanda ya sauti iliyozungushwa kwenye magurudumu yaliyo wazi, huhitaji uangalifu zaidi. Nyingi zilirekodiwa kwa sentimita 19 kwa sekunde au 9.5. Rili ya 19 ikichezwa kwa 9.5, sauti hushuka oktavu nzima na soprano anageuka besi. Hilo utalisikia mara moja. Kasoro ndogo ya mwendo ndiyo ngumu, na hapo sikiliza mngurumo wa umeme ulio chini ya rekodi. Unapaswa kuwa wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali ilikorekodiwa. Ukiupima kwenye kompyuta ukakuta 52 badala ya 50, ujue mkanda unakwenda mbio kwa asilimia nne. Usitegemee piano ya ukumbini kwa kipimo hiki. Nimezipiga piano za vyuo, na najua zinavyoshuka.

Mkanda wa rili ukianza kulia kwa mlio mwembamba au kuacha uchafu wa kahawia kwenye kichwa cha mashine, simamisha papo hapo. Baadhi ya mikanda ya miaka ya 1970 na 1980 ina gundi iliyofyonza unyevu. Fundi mwenye vifaa huikausha kwa joto dogo kisha huinakili. Ukinusa siki kwenye boksi, huo ni mkanda au filamu ya asetati, aina ya plastiki ya zamani, inayooza. Itenge na nyingine, na iwe ya kwanza kupelekwa kunakiliwa. Nakala za sauti zihifadhi katika faili za WAV, angalau hezi 48,000 na biti 24. MP3 ni ya kuwatumia watu, si ya kuhifadhi.

Sasa nenda kwa watu

Ukiwa na orodha, chagua onyesho moja, tengeneza nakala ya programu yake kwa herufi kubwa zinazosomeka na macho ya mtu mzima, na uende nayo. Mpe ashike. Nyamaza. Atasoma majina kwa sauti, na kila jina litamletea habari. Maswali yako yawe ya vitu vidogo: piano ilikuwa upande gani wa jukwaa? Nani aligeuza kurasa? Mlifanyia wapi mazoezi ukumbi ulipokuwa na mitihani? Ukiuliza "ilikuwaje?" utajibiwa "ilikuwa nzuri sana", na mazungumzo yataishia hapo.

Waliokuwa mbele ya jukwaa wametafutwa tayari, na picha zao zipo ukutani. Watafute wa taa, wa pazia, wa mlangoni. Nimejifunza zaidi kuhusu maonyesho yetu kwa mtunza ukumbi mstaafu kuliko kwa mwimbaji yeyote, kwa sababu yeye aliyaona yote, ya vizazi vyote, akiwa amesimama palepale. Ikiwezekana wahoji wawili pamoja, kwani mmoja atamsahihisha mwenzake, nawe utapata jambo la tatu ambalo hakuna aliyekuwa analitaja. Angalia pia majina: wapo waliobadilisha jina baada ya ndoa, na wapo waliojulikana kwa jina la utani hadi kwenye programu.

Muulize kila mtu nani aliandika maneno na nani alitunga nyimbo pale ambapo kazi ilikuwa ya wanafunzi wenyewe. Mwaka 1948 mwanafunzi mmoja wa Williams College, chuo kidogo cha Massachusetts, Marekani, alitunga muziki wa onyesho la wenzake. Aliitwa Stephen Sondheim, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa michezo ya muziki. Wapo wengi ambao hawakuja kujulikana, na nyimbo zao hazikuimbwa tena baada ya usiku huo. Kwangu hao wana haki sawa ya kuandikwa jina kamili.

Kuandika

Kila onyesho lipe maelezo yake: tarehe, mahali, jina la kazi, aliyeitunga, aliyeongoza, aliyepiga piano, waimbaji, ala, na habari imetoka wapi. Tenganisha wazi kilichothibitishwa na karatasi na kile kinachosemekana. Usikitupe kinachosemekana, kiweke, na umtaje aliyekisema kama ameridhia. Ukitaka kutamka kwamba desturi fulani ni ya tangu mwanzo, uwe na ushahidi wa mwaka hadi mwaka. Bethany College, huko Lindsborg, Kansas, Marekani, husema ilianza kuimba Messiah, kazi kubwa ya kwaya ya Handel, mwaka 1882, mwaka mmoja tu baada ya chuo kuanzishwa, na watu huipokea kauli hiyo kwa sababu utaratibu wenyewe umeandikwa vizuri.

Miaka isiyo na kitu iache wazi, iandikwe "hakuna kumbukumbu iliyopatikana". Mhitimu mmoja akiliona pengo la mwaka wake, atafungua sanduku lake.

Kuhusu haki: kuwa na kanda hakukupi ruhusa ya kuiweka mtandaoni. Mtunzi ana haki yake, ambayo chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake na katika nchi nyingi 70. Waimbaji nao wana haki juu ya utumbuizaji wao. Mwanafunzi aliyetunga wimbo kwa kawaida ndiye mwenye wimbo huo, si chuo. Omba idhini kwa maandishi, kwa lugha rahisi, na uihifadhi pamoja na faili. Anayekataa, mheshimu.

Weka nakala tatu, mbili kwenye vifaa vya aina tofauti, moja nje ya chuo. Orodha ichapishwe kwenye karatasi pia, na mkutubi aipe namba ya rafu. Na onyesho la muhula huu lisikupite: usiku wa mwisho chukua programu mbili safi, andika mwaka juu yake kwa penseli, na mwombe mpiga piano nota zake kabla hajafuta alama.