Kutenga seli za kinga kutoka kwenye damu

Ukitaka kuona kinga ya mtu inavyoikabili malaria au saratani, unahitaji seli zake zikiwa hai. Damu ya heparini, yaani iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande, usiitie friji. Ifanyie kazi siku hiyohiyo. Izimue na PBS, maji ya chumvi yasiyodhuru seli, nusu kwa nusu. Tangulia kuweka Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, kwenye tyubu, ile ya gramu 1.077 kwa mililita, kisha inamisha tyubu na uiteremshe damu ubavuni, tone kwa tone, ncha ya pipeti ikigusa ukuta. Vikichanganyika, umeharibu.

Zungusha kwenye mashine ya sentrifuji dakika 30 kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia), nyuzi 20, breki ya mashine ikiwa imezimwa. Hiyo breki mimi huikagua mwenyewe, simwachii mwanafunzi.

Juu utaona plazma ya manjano, chini kabisa seli nyekundu, na katikati, juu ya Ficoll, utando mwembamba mweupe kama tui. Ndizo limfosaiti na monosaiti, seli za kinga unazozitafuta. Ufyonze ukizungusha ncha polepole, bila tamaa ya kuchota Ficoll.

Osha mara mbili, hesabu kwa tripani bluu, rangi ya kupimia uhai wa seli: zilizokufa hunywa rangi. Za kuhifadhi zitie seramu ya ndama yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali ya kuzikinga seli zisiharibiwe na barafu, na hapo acha soga, maana DMSO huziua zikikaa nje ya baridi. Zipoe nyuzi moja kwa dakika hadi -80, halafu kwenye nitrojeni ya kimiminika.