Jinsi ya Kuichunguza Shule ya Msingi Kabla ya Kumwandikisha Mwana: Mwongozo kwa Wazazi wa Lamu

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wazazi wa Lamu huanza kuulizana ni shule gani iliyo nzuri, na jibu wanalopewa mara nyingi ni lile lile la zamani: shule fulani hupasisha. Jibu hilo lilikuwa na maana fulani wakati wa KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa sababu kila shule ilikuwa na wastani wake kati ya alama 500. Wastani huo haupo tena, ingawa bado unasikia watu wakiutaja barazani kana kwamba ulitangazwa jana. Nimewahi kuketi katika bodi ya shule moja ya umma hapa kisiwani kama mwakilishi wa wazazi, na tangu hapo jamaa na majirani huniomba niwasaidie kuchagua. Huu ndio utaratibu ninaoufuata nao, na msingi wake ni kwamba mzazi aitazame shule kuanzia Gredi ya Kwanza, ambako mwanawe ataingia, badala ya kuanzia kwenye mtihani wa mwisho.

Hatua ya kwanza: fahamu unachagua miaka mingapi

Chini ya mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, mtoto husoma miaka 2 ya chekechea, miaka 6 ya shule ya msingi na miaka 3 ya sekondari msingi, kisha huenda sekondari ya juu. Gredi ya Saba, ya Nane na ya Tisa ziliwekwa ndani ya shule za msingi kuanzia mwaka 2023, kwa hiyo mzazi anayechagua shule leo huenda anachagua mahali ambapo mwanawe atakaa miaka 9, au 11 akianzia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba ua mmoja wa shule una waajiri wawili. Chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, nayo ndiyo inayowaajiri walimu wake, ilhali walimu wa Gredi ya Kwanza kwenda juu huajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu, yaani TSC. Unaweza kukuta chekechea iliyopakwa rangi, yenye watoto 25 na mwalimu mchangamfu, kumbe darasa linalofuata, hatua chache tu kutoka hapo, lina watoto 70 na mwalimu mmoja. Usiihukumu shule kwa chekechea yake.

Hatua ya pili: punguza orodha kwa kuangalia njia na saa

Kwa anayeishi mjini, kutoka Gadeni hadi Mkomani ni mwendo wa miguu katika vichochoro, na hatari kubwa ni punda wenye mizigo. Hilo halihitaji maneno mengi. Kwa mtoto atakayevuka maji kila siku, muulize nahodha, wala si mwalimu, ni siku ngapi za kusi ambazo boti haiondoki au huchelewa, na nani hukaa na watoto gatini jioni. Pia linganisha saa za kutoka shule na saa za kuingia chuoni, kwa sababu gredi za chini hutoka mapema kuliko za juu, na ratiba inayofaa Gredi ya Pili inaweza kugongana na madrasa mtoto akifika Gredi ya Nne.

Hatua ya tatu: andaa makaratasi na ujue sheria ya uandikishaji

Gredi ya Kwanza huanza Januari, na mtoto hutarajiwa awe na umri wa miaka 6. Andaa nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki chenye rekodi ya chanjo, nakala za vitambulisho vya wazazi, na ripoti ya PP2 kama alisoma chekechea. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowachelewesha wengi. Uzazi unatakiwa usajiliwe ndani ya miezi 6, na baada ya hapo inakuwa ni usajili wa kuchelewa, wenye fomu na ushahidi zaidi. Ikiwa mwana alizaliwa nyumbani kwa mkunga, anayepaswa kuandika taarifa ya uzazi ni naibu wa chifu wa eneo lenu, kwa hiyo anza kwake mapema badala ya kungoja Desemba.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mzazi nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Shule ya umma hairuhusiwi kutoza ada ya kumwandikisha mtoto wala karo ya masomo. Hairuhusiwi kumpa mtihani wa kumchuja. Ikimpima, iwe ni kwa ajili ya kujua aingie darasa lipi. Michango mingine inaweza kuwapo kwa idhini rasmi, lakini lazima itolewe risiti, na mtoto hafai kufukuzwa kwa kuwa mzazi hajaweza kuilipa. Nasema haya ili ujue la kujibu ukiambiwa kwamba kuna "pesa za dawati" kabla ya jina kuandikwa: omba risiti yenye jina la shule, kwa upole, kisha utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kwa shule ya binafsi mambo ni tofauti, kwani karo ni halali na shule inaweza kuweka masharti yake. Hapo omba kuonyeshwa cheti cha usajili kutoka Wizara ya Elimu, na uulize kama kila mwalimu ana nambari ya TSC, kwa sababu sheria inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa na tume hiyo, hata kama haajiriwi nayo. Shule zinazochanganya elimu ya dini na ya dunia nazo hazina msamaha katika hili.

Hatua ya nne: nenda shuleni siku ya kawaida

Nenda katikati ya muhula, siku ya Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa masomo hukatika mapema, na siku za Maulidi mahudhurio hushuka katika karibu kila shule ya mjini, hivyo utakachokiona siku hizo hakitakuonyesha hali ya kawaida. Anzia ofisini, na useme wazi kilichokuleta: "Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mzazi, nina mwana anayeingia Gredi ya Kwanza Januari, na ningependa, kwa idhini yako, kuijua shule kabla sijaamua." Mwalimu mkuu anayejiamini hukaribisha maswali. Anayekujibu kwamba nafasi zimejaa kabla hujataja umri wa mtoto, muulize zimejaa kwa idadi gani.

Maswali ninayoyapa uzito ni machache. La kwanza ni idadi ya wanafunzi katika Gredi ya Kwanza na ya Pili, na walimu wangapi wanawafundisha. Kiwango kinachotajwa katika sera ni takriban wanafunzi 40 kwa mwalimu mmoja, na ukisikia 80 ujue mwanao ataisubiri zamu ya kusoma kwa sauti. La pili ni walimu wangapi wameajiriwa na TSC na wangapi wanalipwa na bodi. Walimu wa bodi wanaweza kuwa hodari sana, lakini wingi wao ni dalili ya upungufu, na mshahara wao kwa kawaida hutoka mifukoni mwa wazazi.

La tatu, ambalo kwa Lamu naliona kuwa zito kuliko yote, ni muda ambao walimu wamekaa. Kaunti yetu imewekwa miongoni mwa maeneo yenye mazingira magumu, ambako walimu hulipwa marupurupu ya ziada, na walimu wengi kutoka bara huomba uhamisho punde wanapopata nafasi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na yaliyofuata upande wa msitu wa Boni, baadhi ya shule za huko zilifungwa na walimu wakaondoka. Mjini hali haikufika hapo, ila mzunguko wa walimu upo. Uliza: mwalimu wa Gredi ya Kwanza wa mwaka huu alikuwa hapa mwaka juzi? Darasa lililobadilishiwa mwalimu mara tatu ndani ya mwaka haliwezi kuokolewa na jengo jipya.

Kisha omba kuona daftari la mwanafunzi yeyote wa Gredi ya Tatu, na ukiweza, utumie dakika tano kulisoma. Tazama tarehe: zikiruka wiki mbili katikati ya muhula bila likizo, somo halikufundishwa au mtoto hakuwapo, na vyote viwili vinafaa kuulizwa. Tazama alama za kalamu nyekundu: tiki kubwa juu ya ukurasa wenye "mtoto anacheza" iliyoandikwa "mtoto anachesa" inakuonyesha kwamba mwalimu alihesabu kurasa bila kuzisoma. Tazama kama kosa lilirudiwa chini kwa usahihi. Mwisho, linganisha daftari hilo na la jirani yake. Sentensi zikifanana neno kwa neno kuanzia mwanzo hadi mwisho, watoto wananakili ubaoni, na hujui bado kama wanaweza kutunga sentensi yao wenyewe. Daftari moja la namna hii limewahi kunieleza mengi kuliko hotuba nzima ya siku ya wazazi.

Kabla ya kuondoka, pita vyooni, uangalie kama kuna maji kwenye matangi, na uulize vitabu vya kiada viko wapi. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja shuleni, kwa hiyo vitabu vilivyofungiwa kabatini vikiwa vipya kabisa si ishara ya utunzaji mzuri. Uliza pia wanawaadhibu vipi watoto. Kiboko kimepigwa marufuku kisheria, na jibu la kusitasita hapa linatosha kuwa jibu.

Hatua ya tano: soma matokeo bila kudanganyika

Mwishoni mwa Gredi ya Sita watoto hufanya tathmini ya KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Hakuna anayefeli wala kukosa nafasi ya Gredi ya Saba kwa sababu yake. Kwa hiyo bango linalosema kwamba watoto wote wa shule fulani wamevuka kwenda sekondari msingi halikwambii lolote kuhusu ufundishaji. Cha kuomba ni mgawanyo wa viwango kwa kila somo: wangapi walizidisha matarajio, wangapi waliyafikia, wangapi waliyakaribia, na wangapi walikuwa mbali nayo. Omba wa miaka miwili au mitatu, na uangalie hasa Hisabati na Kiingereza, kwani kuanzia Gredi ya Nne Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia masomo mengi, na mtoto wetu aliyezoea Kiswahili nyumbani na darasani hukutana na badiliko hilo kwa ghafla. Tathmini ya Gredi ya Tisa, KJSEA, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2025, kwa hiyo bado hakuna mfululizo wa miaka wa kutegemea.

Jihadhari na shule ndogo. Tuchukue mfano wa wakati wa KCPE: shule yenye watahiniwa 12, mmoja akipata alama 400 badala ya 200, wastani wa shule nzima ungepanda kwa takriban alama 17, ilhali katika shule yenye watahiniwa 80, mtoto huyo huyo angeupandisha kwa alama 2.5 tu. Shule nyingi za visiwani zina madarasa madogo, na sifa au aibu yao ya mwaka mmoja mara nyingi ni ya mtoto mmoja au wawili.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijawahi kuiona ikibandikwa ukutani. Uliza Gredi ya Nne ilikuwa na watoto wangapi miaka miwili iliyopita, kisha ulinganishe na Gredi ya Sita ya sasa. Tuseme walikuwa 50 na sasa ni 36. Wale 14 wamekwenda wapi? Huenda walihama, huenda wavulana walichukuliwa baharini, huenda waliokuwa dhaifu walishauriwa kwa ukimya watafute shule nyingine kabla ya tathmini. Shule inayojua kila mmoja alikokwenda inawajua watoto wake.

Hatua ya sita: ukinyimwa taarifa, andika

Shule ya umma ikikataa kukupa takwimu zisizotaja majina ya watoto, zungumza kwanza na mwenyekiti wa chama cha wazazi. Ikishindikana, mwandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na inaitaka taasisi ya umma kujibu ndani ya siku 21. Barua iwe fupi: taja shule, taja takwimu unazotaka na za miaka gani, weka tarehe na sahihi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huna haja ya kueleza kwa nini unazitaka. Kwa ujumla jibu huja kabla ya siku hizo kwisha, na mara nyingi hutoka shuleni kwenyewe.

Hatua ya saba: hakikisha jina limeingizwa sawasawa

Mtoto akishakubaliwa, shule humwingiza katika mfumo wa wizara, NEMIS au mrithi wake, kwa kutumia nambari ya cheti cha kuzaliwa. Kama anahama kutoka shule nyingine, shule ya zamani lazima imwachilie katika mfumo, kwa hiyo usiondoke huko ukiwa na barua ya uhamisho peke yake. Muombe mwalimu mkuu amalize jambo hilo mkiwa pamoja. Kisha omba kuona jina lilivyoandikwa. Kwetu mtoto mmoja anaweza kuwa Muhammad kwenye cheti, Mohamed kwenye kitabu cha kliniki na Mohammed kwenye daftari la mwalimu, na jina la babu likaachwa mahali pamoja na kuongezwa pengine. Fuata cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Kikiwa chenyewe kina kosa, kirekebishe katika ofisi ya usajili kabla mtoto hajafika Gredi ya Tatu, kwani hapo ndipo Baraza la Mitihani humpa nambari ya tathmini atakayoendelea nayo, na kurekebisha jina baada ya hapo ni kazi ya ofisi mbili badala ya moja.