Mwatiko Hulishwa na Sakafu ya Bwawa

Mtu anayetaka kuanza kufuga mwatiko, samaki wa pwani, awe mkazi wa Mkinga au wa Pangani mkoani Tanga, huuliza kwanza chakula cha samaki kinauzwa wapi na mfuko ni shilingi ngapi. Swali hilo lingesubiri. Mwatiko hula ukoga na vijidudu vinavyoota chini ya bwawa lenye maji ya bahari. Bwawa likiandaliwa vizuri, gharama kubwa ya chakula inabaki kuwa magunia ya samadi.

Ufugaji huu una historia ndefu. Indonesia, Ufilipino na Taiwan wamefuga mwatiko katika mabwawa ya pwani kwa mamia ya miaka, na kituo cha utafiti cha SEAFDEC, shirika la uvuvi la nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kilichopo Tigbauan, Ufilipino, kimekuwa kikimchunguza tangu miaka ya 1970. Kwetu, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifanya majaribio Makoba, Unguja, katika miaka ya 1990: samaki, kombe na mwani katika mfumo mmoja, maji yakiletwa na bahari yenyewe. Hilo la mwisho ndilo la kuiga kwanza. Pampu ya dizeli humaliza faida kabla samaki hajafika sokoni.

Kwa hiyo bwawa lijengwe mahali ambapo bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) inafika na maji mafu (maji madogo ya katikati yake) hayafiki, yaani kwenye uwanda mtupu nyuma ya mikoko au kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Mikoko yenyewe usiiguse. Kuikata bila kibali ni kosa, na hata ukiwa na kibali, udongo wake mara nyingi una salfa ambayo ikipigwa na hewa hugeuka tindikali. Chimba donge kutoka kina cha bwawa unalokusudia, lianike kivulini wiki chache. Likitoa madoa ya manjano yaliyopauka, hapo ni mahali pa kuhama. Na kama tayari umeshachimba, jaza maji ya bahari na kuyamwaga mara kadhaa, kisha weka chokaa kabla ya kupanda samaki.

Sasa sakafu. Mwaga maji yote, acha jua likaushe hadi udongo upasuke nyufa. Hapo ndipo wengi wanaharakisha, na perege na kaa waliojificha kwenye matope wanabaki salama wakiwasubiri vifaranga. Ziba matundu ya kaa kwenye tuta. Tandaza samadi ya kuku iliyokauka, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita moja ya mraba, kisha ingiza maji ya kina cha kiganja tu kupitia wavu wa matundu madogo. Ongeza kidogo kidogo kila bamvua. Baada ya wiki chache utaona utando wa rangi ya kahawia na kijani, laini ukiugusa, unaobanduka vipande. Usipouona, usipande.

Vifaranga bado hutegemea bahari, maana mwatiko hatagi bwawani na huchukua takriban miaka mitano kukomaa. Hukusanywa kwenye vijito vya mikoko wakati wa bamvua, kwa idhini ya afisa uvuvi. Ni vyembamba, vinapitisha mwanga, macho meusi makubwa. Usivichanganye na vya mkizi, ambavyo ni vinene zaidi na vina rangi ya fedha mapema. Kituo cha kutotolesha cha Zanzibar, kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na FAO, kinaweza kupunguza kuhangaika huko. Kwa kulisha kwa ukoga pekee, samaki mmoja kwa kila mita mbili za mraba anatosha. Vipimo vya nje vinavyozidi hapo ni vya watu wenye mashine za hewa.

Wataalamu wa nje wakija kijijini kwako, wakaribishe, ila waulize mradi ukiisha nani atakarabati nini. Nao wape kitu ambacho hawawezi kukipata maabara: daftari lenye tarehe za bamvua, mvua, rangi ya maji na uzito wa samaki wachache kila mwezi. Kusi na kaskazi hazipo katika vitabu vya Ufilipino.

Masika ndiyo mtihani. Mwatiko huvumilia chumvi nyingi na hata maji yasiyo na chumvi, lakini mvua kubwa ya ghafla hutandaza maji ya mvua juu ya yale mazito ya chumvi, na hewa haishuki. Toa mbao za juu za mlango wa bwawa, ule wa kuingizia na kutolea maji, ili maji hayo ya juu yatoke. Samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, acha samadi, badilisha maji bamvua inayofuata au mapema zaidi ikiwezekana.

Kuvuna ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mwatiko hupenda kuogelea kuelekea mkondo unaoingia. Punguza maji ya bwawa, kisha maji yanapojaa fungua mlango kidogo: watajazana wenyewe hapo mlangoni, nawe unawazungushia wavu bila kuvuruga matope. Fanya usiku au alfajiri, na barafu iwe imeshafika. Ana miiba mingi midogo, hivyo mama lishe wanaomjua humchanja ubavuni mara nyingi kabla ya kumkaanga. Wauzie hao kwanza.