Jicho la mtoto linalotoka machozi kila wakati: namna ya kukanda

Kila siku ya kliniki hapa Newala hakosekani mama mwenye kichanga ambacho jicho moja limelowa na kope zimegandana kwa tongotongo asubuhi. Mtoto mwenyewe anacheka, na jicho halina wekundu.

Machozi hutengenezwa muda wote, hata mtoto asipolia. Huingia kwenye vitundu vidogo katika kona ya ndani ya jicho, kisha hushuka kwa mfereji hadi puani. Ndiyo maana tukilia makamasi hututoka. Watoto wengine huzaliwa utandu mwembamba wa mwisho wa mfereji haujafunguka, basi machozi yanamwagikia shavuni. Karibu watoto 9 kati ya 10 wenye hali hii hupona kabla ya miezi 12.

Kwanza nawa kwa sabuni na ukate kucha.

Pili, chovya pamba safi kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Futa mara moja kutoka kona ya ndani kwenda nje, tupa. Jicho la pili lina pamba yake.

Tatu ni kukanda, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanapapasa tu. Weka ncha ya kidole pale jicho linapokutana na pua, kamwe si juu ya jicho lenyewe. Bonyeza mpaka kucha yako ipauke kidogo, kisha shusha kidole kando ya pua kwenda chini. Machozi yaliyosukumwa ndiyo yanayoufungua ule utandu, kwa hiyo mkono mwepesi mno hausaidii. Rudia mara 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku. Mimi huwashauri kukanda mtoto akiwa ananyonya. Tongotongo likichuruzika, futa, usiogope.

Usingoje hata kesho kama mtoto hajatimiza mwezi na kope zimevimba zikitoa usaha. Kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kumpofusha kwa siku chache. Wahi pia ukiona uvimbe mwekundu kando ya pua, jicho limeingia ukungu au limekuwa kubwa kuliko mwenzake, mtoto anakimbia mwanga, au kuna weupe ndani ya mboni.

MASWALI

*Shikamoo nesi. Bibi yake anasema nikamulie maziwa ya ziwa, jirani anasema wanja.*
Marahaba mwanangu. Maziwa hayazibui mfereji. Wanja acha kabisa, mwingine una madini ya risasi. Bibi mweleze kwa upole, naye anamtakia mjukuu heri.

*Nilipewa dawa ya matone, usaha ukakauka, machozi yakarudi.*
Dawa huua vijidudu, utandu inauacha palepale. Endelea kukanda.

*Tuko Tandahimba, macho yote mawili yameanza tulipopuliza salfa kwenye mikorosho.*
Hapo nashuku vumbi la salfa, maana linawasha macho. Mtoto asifike shambani siku za kupuliza, na wewe oga ubadili nguo kabla ya kumbeba. Macho yakibaki mekundu siku ya pili, mlete zahanati.

*Wangu ana mwaka na miezi miwili, bado.*
Sasa nenda kwa daktari wa macho: hospitali ya Sokoine kama uko Lindi, hospitali ya Ligula kama uko Mtwara. Mfereji huzibuliwa kwa kijiti chembamba mtoto akiwa amelazwa usingizi, ni kazi ya dakika chache. Mpaka siku hiyo, endelea kumsafisha na kumkanda.