Namna ya kusoma majibu ya MLH1 kabla ya kuwaambia watoto kuwa saratani ni ya ukoo

Kazi yangu ni kukata vinyama katika maabara ya patholojia na kuvitia rangi inayoonyesha kama protini fulani zipo. Kwa saratani ya utumbo mpana, karatasi yetu hutaja protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Ndizo zinazorekebisha makosa ya DNA seli inapogawanyika. Ndugu wakisoma "MLH1 haipo" huingiwa na hofu kwamba ugonjwa umo katika damu ya ukoo. Subirini kwanza.

Ulizeni kama seli zisizo na saratani, kwenye kioo hichohicho, zimeshika rangi. Kama hazikushika, kipimo kimeshindwa na kirudiwe. Kinyama kilichochelewa kutiwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, hutuletea shida hiyo, na hakuna ufundi wa maabara unaoweza kukirudisha.

Zikiwa zimeshika, tazama ni protini zipi zimekosekana kwenye seli za saratani. MSH2 au MSH6? Nenda kwa mtaalamu wa jeni. MLH1 na PMS2 pamoja? Hapo mara nyingi jeni ya MLH1 yenyewe haina kasoro. Imebandikwa methili, alama ndogo ya kikemikali, kwenye sehemu ya kuiwashia, ikazimika. Hiyo ndiyo epijenetiki, na huonekana zaidi kwa wazee.

Basi mwombe daktari kipimo cha methili ya MLH1, au cha BRAF V600E, badiliko la jeni nyingine ndani ya uvimbe. Kimojawapo kikionekana, karibu kila mara saratani hiyo haikurithiwa. Kisipoonekana hata kimoja, mgonjwa apimwe jeni za ugonjwa wa Lynch, yaani hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani hii, na majibu yake ndiyo yataonyesha kama watoto nao wapimwe. Mgonjwa akiwa kijana, mtaalamu wa jeni amwone hata kama methili imeonekana.

Usiiache karatasi ya majibu nyumbani siku ya kliniki ya saratani. Uvimbe wa hatua ya pili uliokosa protini hizi, kwa sababu ya kurithi au wa methili, hurudi mara chache kuliko mwingine, na fluorouracil, dawa ya kemikali ya saratani, peke yake haijaonyesha faida kwake. Daktari ajue kabla ya kuandika dawa. Ukiwa umesambaa, kuna pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kama tiba ya kwanza. Bei yake ni kubwa mno, naumia kuisema, lakini mgonjwa ana haki ya kujua kwamba ipo.

Mwisho, nakili namba ya bloku ya nta, ambamo kinyama kimehifadhiwa, iliyo kwenye majibu. Ukihamia hospitali nyingine, bloku hiyo ndiyo wataiomba.