Kagua hivi picha ya Paolozzi kabla hujatoa pesa

Hatua ya 1: Anza na msanii mmoja. Mimi nilianza na Eduardo Paolozzi, mtoto wa Wataliano waliokuwa na duka la aiskrimu huko Leith, Scotland. Alikuwa akikata matangazo na picha za magazeti ya Marekani na kuzibandika upya. Picha zake nyingi za miaka ya 1960 zilichapwa London na Chris Prater wa Kelpra Studio, kwa skrini, yaani wino husukumwa kupitia kitambaa chenye matundu, ufundi uleule wa fulana za kampeni. Seti ya *As Is When* (1965) ina picha 12, kila moja nakala 65, na bei yake si ya mchezo. *Moonstrips Empire News* (1967) ni kurasa zisizoshonwa, kwa hiyo utakuta ukurasa mmoja mmoja mnadani. Mwenye mfuko mwepesi aanzie hapo.

Hatua ya 2: Fremu ifunguliwe. Nilinunua moja ikiwa imefungwa, muuzaji akiniapia kwamba haijawahi kuonja jua. Nilipoifungua nyumbani, ukanda uliofichwa na kadi ya pembeni ulikuwa mwekundu wa damu. Katikati, rangi ya tofali kuukuu. Hiyo kadi nayo ilikuwa ya bei rahisi, imeacha mstari wa kahawia kuizunguka picha. Siku hizi asiyetaka kufungua, namuaga.

Hatua ya 3: Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Wengi hukosea hapa. Wameambiwa nukta za wino ni dalili ya bango la kawaida la mashine, basi wakiziona wanakimbia. Lakini Paolozzi alichukua picha za magazetini, na nukta zake zikaja nazo! Angalia wino wenyewe. Wa skrini hukaa juu ya karatasi kama rangi ya kucha, na kila nukta ni rangi moja nzito. Ukikuta vinukta vya samawati, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kama viua, wino mwembamba, hilo ni bango. Kisha inamisha karatasi dirishani, mwanga uipige kwa ubavu: kingo za wino zitajionyesha.

Hatua ya 4: Pembezoni. Pima karatasi, ulinganishe na vipimo vya nakala iliyoko makumbusho. Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, wanazo nyingi za Kelpra. Iliyopunguzwa kwa mkasi hushuka bei hata kama picha yenyewe ni safi. Sahihi ya penseli hung'aa kidogo ukiinamisha, ya kuchapwa haing'ai.

Mikono iwe mikavu, na usiinue karatasi kwa kona moja.